Uhuru wa kusema ni mmoja: historia ya sauti ya wanafunzi Wakatoliki



Wengi wenu mnaomaliza sekondari hapa Mweso mnatamani kuendelea na masomo ya chuo kikuu huko Goma, Bukavu au Butembo. Atakayefika huko atakutana na mabishano ambayo hatuyasikii sana katika mashirika yetu ya msingi, na mojawapo ni la utoaji mimba. Sheria yetu ya jinai inaukataza. Lakini tarehe 14 Machi 2018 Gazeti Rasmi la Serikali lilichapisha Mkataba wa Maputo, ambao kifungu chake cha 14 kinataka uruhusiwe katika hali kadhaa, kama vile mwanamke akiwa amebakwa au uhai wake ukiwa hatarini. Basi mwanafunzi Mkatoliki hujiuliza: je, nina haki ya kumtetea mtoto asiyezaliwa mbele ya wenzangu? Na yule asiyekubaliana nami, je, ana haki ya kunijibu?

Kabla ya kujibu, tuitazame historia. Katika nchi yetu swali la nani aruhusiwe kusema chuoni limekwisha kulipiwa kwa damu.

Mwaka 1954 Wakatoliki walianzisha Chuo Kikuu cha Lovanium, juu ya kilima cha Amba mjini Kinshasa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wake waliandamana, wakidai nyongeza ya fedha za masomo na nafasi ya kushiriki katika uongozi wa chuo. Askari waliwafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hata leo. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu hao, Rais Mobutu alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Mwezi wa Agosti, Lovanium, chuo cha Waprotestanti cha Kisangani na chuo cha Serikali cha Lubumbashi viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa. Sauti iliyokubalika humo ilikuwa moja tu, ile ya JMPR, tawi la vijana la chama cha MPR.

Mwaka 1972 zamu ya Eklezya ikafika. Gazeti moja la Kikatoliki lilipoandika dhidi ya siasa ya kuacha majina ya ubatizo, lilifungiwa. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alinyang'anywa makao yake, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Serikali iliamuru JMPR iingie hata katika seminari. Kabla mwaka haujaisha, vyama vya vijana vya dini zote vilipigwa marufuku.

Tuzingatie jambo moja. Waliotoa amri hizo hawakusema kwamba wanachukia sala. Walisema wanalinda umoja wa taifa. Mara nyingi anayemfunga mwenzake kinywa huwa na sababu inayopendeza masikioni.

Hata hivyo imani haikunyamaza. Katika miaka hiyohiyo, huko Kinshasa, Padri Matondo, aliyekuja kuwa askofu, aliwakusanya vijana katika vikundi vya sala na malezi. Ndivyo walivyozaliwa Bilenge ya Mwinda, yaani vijana wa mwanga, ambao leo tunawaona katika maparokia mengi.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Haukupita hata mwezi, chuo cha Lubumbashi kikaingia katika msiba. Wanafunzi waliwashika na kuwapiga wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa Serikali. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha walivamia mabweni na kuwashambulia wanafunzi. Kosa la wale wa kwanza halilingani kamwe na uovu wa wale wa pili. Lakini tusiyafiche yote mawili: hata anayeonewa aweza kunyanyua mkono wake juu ya mwenzake.

Nchi za mbali nazo zimepitia mabishano ya namna hii, ingawa huko yalifika mahakamani. Mwaka uleule wa 1972, Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki wanafunzi wa mrengo wa kushoto ambao mkuu wa chuo chao alikataa kukitambua chama chao. Mwaka 1981 mahakama hiyohiyo iliwapa haki wanafunzi Wakristo walionyimwa chumba cha kusalia katika chuo kikuu cha umma, na hukumu ile ya kwanza ilikuwa miongoni mwa misingi ya hii ya pili. Huko Kanada, Chuo Kikuu cha Alberta kiliwataka wanafunzi wanaopinga utoaji mimba walipe dola 17,500 za ulinzi kabla ya kufanya maonyesho yao. Walishtaki, na mwezi Januari 2020 Mahakama ya Rufaa ya Alberta iliamua kwamba chuo kilipaswa kuheshimu uhuru wao wa kusema.

Tunajifunza nini? Kwamba uhuru wa kusema ni mmoja. Mlango aliofunguliwa mwanafunzi asiyesali ndio alioupitia mwanafunzi anayesali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba uhuru wa dini una mizizi katika hadhi ya kila mtu, si ya Wakatoliki peke yao. Katiba yetu ya 2006 nayo, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake. Basi anayeomba nafasi ya kumtetea mtoto asiombe mwenzake anyamazishwe. Tukifurahi leo mpinzani wetu akifungwa kinywa, kesho kitambaa hichohicho kitatufunga sisi.

Lakini kuwa na haki ya kusema si sawa na kujua namna ya kusema. Sisi tunaishi Masisi. Vita vimepita katika vijiji vyetu, na katika viti vya kanisa letu wameketi akina mama na mabinti waliotendewa maovu ambayo hawakuyachagua. Anayesimama chuoni kutetea uhai ajue kwamba mmoja wao huenda anamsikiliza. Eklezya inafundisha bila kuyumba kwamba uhai wa mtoto ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Eklezya hiyohiyo, kwa uamuzi wa Papa Fransisko wa Novemba 2016, imewapa mapadri wote uwezo wa kuondolea dhambi ya kutoa mimba. Ukweli na huruma havipingani. Neno linalomtetea mtoto huku likimpiga mama yake mawe si neno la Injili, hata kama sheria inaliruhusu.

Wapendwa, waliotutangulia walinyimwa neno. Sisi tumepewa, nasi tutatoa hesabu ya namna tulivyolitumia. Katika mkutano wenu ujao, mjiulize: binti aliyebakwa akija leo katika kikundi chetu akiwa na mimba, atasikia nini kwanza kutoka kinywani mwetu? Na baada ya maneno yetu, ni nani atakayemsindikiza hospitalini, na ni nani atakayebeba naye mzigo wa kulea?