Udongo hauna haraka: nyungu za ziwa Kisale na siku zake za kukauka

BASE YA KAMINA – Mvua zikikatika, watu wa huku huanza kufyatua matofali na kuyatandaza juani. Kila mfyatuaji anajua sheria moja: tofali likiingia kwenye tanuru likiwa bado na maji, linapasuka. Sheria hiyo ilijulikana katika jimbo la Haut-Lomami miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Wabelgiji kuijenga Base.

Ushahidi uko mashariki, kwenye maziwa ya mto Lualaba, upande wa Kikondja. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1958 Jean Hiernaux alifuata, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo katika bonde la Upemba. Pamoja na mifupa walikuta vitu vya chuma na shaba, na nyungu nyingi sana. Nyungu za aina ya Kisale ni za tangu karne ya 8 hivi hadi karne ya 13.

Hazikutengenezwa kwa gurudumu. Zilifinyangwa kwa mikono, na baada ya mikono kazi ilikuwa ya hewa na kivuli.

Kwanza udongo ni laini na unafuata kidole. Baada ya muda, maji yakipungua, unakuwa mgumu kiasi kama ngozi: haubonyei ovyo, lakini kisu bado kinaukata. Hapo ndipo mfinyanzi anapokwangua unene wa chini na kulainisha ubavu kwa kokoto. Mwisho nyungu inakauka kabisa. Rangi yake inapauka, na ukiigusa haina tena ubaridi. Katika safari hiyo yote inasinyaa. Mdomo ukikauka kabla ya tumbo, unapasuka. Kwa hiyo mfinyanzi huifunika au huiweka mbali na upepo. Ikiwekwa motoni na maji ndani, mvuke unaivunja.

Jambo hili linafungua swali kuhusu makaburi ya Kisale. De Maret aliona kwamba ukubwa wa nyungu ulilingana na umri wa marehemu: mtoto alizikwa na vinyungu vidogo, mtu mzima na vikubwa. Lakini kifo hakitoi taarifa, na maiti haingoji siku nyingi katika joto la bonde. Udongo nao unataka siku zake. Basi ama kila kijiji kiliweka akiba ya nyungu za kila kipimo, ama mfinyanzi aliitwa siku ya msiba akazikausha karibu na moto, akijua kwamba nyingine zitapasuka. Kinyungu chembamba cha mtoto hukauka upesi kuliko nyungu ya mtu mzima. Kwa vyovyote vile, kuna mtu aliyekaa na udongo mbichi akipima kidogo kilichofaa kwa mtoto aliyekufa.

Zilizopasuka kabla ya moto hazitaonekana kamwe. Nyungu mbichi ikiingia majini hurudi kuwa tope, na mfinyanzi anaweza kuanza upya. Iliyochomwa hairudi kuwa udongo wa kufinyanga, ndiyo maana imebaki ardhini hadi wachimbaji wakaikuta.

Siku hizi sufuria ya alumini na bido ya plastiki vimechukua nafasi ya nyungu katika nyumba nyingi. Makumbusho yanaweza kutunza nyungu ya Sanga. Hayawezi kutunza mkono unaojua, kwa kugusa tu, kwamba leo bado na kesho itakuwa tayari. Ujuzi huo hauchimbwi. Unapatikana kwa wamama wanaofinyanga bado, na ni wao wa kuulizwa wangali hai.