Uraniamu ya Shinkolobwe na safari za chini ya bahari

Wengi hapa Lubumbashi wanajua kwamba uraniamu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliingia katika bomu la Hiroshima, 1945. Habari ya nyambizi haisemwi sana, na ni kubwa vilevile.

Zamani nyambizi ilitembea chini ya maji kwa betri. Zikiisha, ilipaswa kupanda ili injini ya mazutu ipate hewa na kuzichaji. Uraniamu haitaki hewa: joto lake linageuza maji kuwa mvuke, mvuke unazungusha elisi na jenereta za umeme. Marekani, iliyonunua uraniamu ya Katanga miaka ile, ilianza safari hizo Januari 1955 kwa nyambizi Nautilus.

Shinkolobwe ilifungwa kwa dekreti Januari 2004. Julai, shimo lilibomoka, likaua wachimbaji. Kisha wanakijiji wakahamishwa.