Kagera Sugar: Miaka 20 ya Kuwatia Wakubwa Jasho

Ukiipima Kagera Sugar kwa makombe, utaimaliza kwa sentensi moja: ilitwaa Kombe la Tusker mwaka 2006. Ubingwa wa Ligi Kuu haikuwahi kuugusa. Lakini mtajie shabiki wa Simba au Yanga safari ya uwanja wake wa Kaitaba, Bukoba, kisha mwangalie usoni.

Timu hii ni mtoto wa kiwanda cha sukari cha Misenyi, jirani na mpaka wa Uganda. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia eneo hilo, kiwanda kiliporwa na kuharibiwa. Vita ilikwisha mwaka 1979, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Kiwanda chenyewe kiliyumba kwa miaka mingi, hadi kilipobinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuangukia mikononi mwa wamiliki wa Mtibwa Sugar ya Morogoro. Uzalishaji ukafufuka, na soka nalo likapata mlezi. Kabla ya hapo mkoa uliwahi kubebwa na RTC Kagera, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa. Kwa hiyo Wahaya na majirani zao wamezoea tangu zamani kushangilia timu yenye mwajiri, tofauti na Simba na Yanga zenye wanachama na kadi.

Ndiyo maana swali la nani hasa mwenye Kagera Sugar halijawahi kupata jibu jepesi. Fedha ni za kiwanda, uwanja wa Kaitaba ni wa Manispaa ya Bukoba, na mashabiki hutoka Kemondo, Kamachumu, Muleba, Kyaka na kwingineko. Siku ya mechi kubwa, kwenye barabara ya Muleba kwenda Bukoba huonekana kabisa kwamba kuna shughuli. Timu ngeni inayokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam hufika Muleba ikiwa imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja, na bado haijaiona Kaitaba. Safari hiyo nayo ni beki wa tano.

Wanankurukumbi, kama wanavyoitwa, walipita mikononi mwa makocha wenye majina: marehemu Sylvester Marsh, aliyekuja kuwa msaidizi wa Kim Poulsen katika Taifa Stars, Abdallah Kibadeni, aliyewaongoza msimu wa 2012/13 na kumaliza nafasi ya nne, kisha Simba ikamchukua, Mganda Jackson Mayanja, halafu Mecky Maxime, aliyetoka kwa ndugu zao wa Mtibwa.

Katikati ya hayo yote timu ilipoteza nyumba. Uwanja ulipokuwa ukitandikwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, Kagera Sugar ilihangaika kwenye viwanja vya mikoa mingine, ikiwa mwenyeji mbele ya watu wasioijua. Mwaka 2016 ndipo Kaitaba ikafunguka tena. Septemba 10 ya mwaka huohuo tetemeko la ardhi likaipiga Bukoba na kuua watu wasiopungua 17. Kesho yake majeneza yalipangwa uwanjani hapohapo, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza wananchi kuaga.

Msimu huohuo wa huzuni, 2016/17, ndio uliokuwa bora kuliko yote. Kagera Sugar ilimaliza ya tatu, mbele ya Azam, na mshambuliaji wake Mbaraka Yusuph akatajwa mchezaji bora chipukizi wa ligi. Aprili 2 iliifunga Simba 2-1 Kaitaba. Simba wakalalamika kwamba beki wa Kagera Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya saa 72 ikawapa Simba pointi za mezani, kisha kamati nyingine ya TFF ikazirudisha Kagera. Nchi nzima ikageuka mahakama ya rufaa. Mwisho wa ligi Yanga na Simba zilikuwa na pointi 68 kila moja, na Yanga ikachukua kombe kwa tofauti ya mabao. Kombe lililokwenda Jangwani kwa Yanga lilikuwa limepitia Bukoba.

Simba hawakuwa wamemaliza kulipa. Mei 19, 2018, wakiwa tayari mabingwa na hawajafungwa msimu mzima, walimwalika Rais John Magufuli awakabidhi kombe jijini Dar es Salaam, siku ya mechi yao na Kagera Sugar. Edward Christopher wa Kagera, aliyelelewa Simba, akafunga bao dakika za mwisho. Simba wakapata penalti. Emmanuel Okwi akapiga, na Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba hiyohiyo, akapangua. Kombe likapokewa baada ya kipigo cha 1-0.

Msimu uliofuata Kagera Sugar iliwafunga Simba nyumbani na ugenini, lakini ikaponea kushuka daraja kwenye mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza. Huo ndio ugonjwa wake wa kudumu: inawaweza wakubwa, inawashindwa wenzake. Januari 2020 ikaichapa Yanga 3-0 Dar es Salaam katika mechi ya kwanza ya kocha Luc Eymael, bao moja likifungwa na Yusuf Mhilu, aliyewahi kuwa wa Yanga.

Ugonjwa huo ulizidi msimu wa 2024/25. Benchi la ufundi likabadilishwa katikati ya safari, matokeo hayakubadilika, na baada ya takriban miaka 20 Kagera Sugar ikateremka kwenda Ligi ya Championship. Msimu huohuo Mtibwa Sugar ilikuwa ikipanda kurudi Ligi Kuu.

Kiwanda kimebeba mzigo huu peke yake kwa miaka yote hiyo, na hakuna wa kukilaumu. Sasa ni zamu ya halmashauri za Bukoba, Muleba na Misenyi, pamoja na wafanyabiashara wa mkoa waliojaa Dar es Salaam na Mwanza, kuingiza mkono mfukoni kabla timu haijasahau njia ya kurudi Ligi Kuu.