Nyumba, Kura na Mgawaji: Sera ya Makazi ya Umma katika Ireland ya Kaskazini, 1945–1973

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya nyumba za umma na huduma za jamii katika Ireland ya Kaskazini, jimbo dogo lililobaki chini ya Uingereza baada ya kisiwa cha Ireland kugawanywa mwaka 1921. Mengi yaliyoandikwa kuhusu jimbo hilo yanahusu mabomu, askari na dini. Nyumba hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kama cheche iliyowasha moto, kisha mwandishi huendelea na moto. Hapa tunabaki na cheche yenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba haki katika ugawaji wa nyumba ilipatikana kwa kuwaondolea madiwani mamlaka ya kugawa, na kwamba jambo hilo lilitendeka katika miaka ileile ambayo wananchi walikuwa wakipewa kura waliyonyimwa kwa muda mrefu.

Swali la nani anayetia saini barua ya kumpa mtu nyumba halihitaji kufafanuliwa sana kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Lugha yetu yenyewe inalidokeza: Kiswahili kinamwita "mpangaji" yule anayekaa katika nyumba ya kupanga na yule anayepanga mji. Katika historia tunayoisimulia, watu hao wawili hawakukutana mara nyingi.

Nyumba iliyobeba kura

Ili kuelewa uzito wa nyumba katika jimbo hilo, hatuna budi kuanzia kwenye sheria ya uchaguzi. Mwaka 1945 Bunge la London liliwapa watu wazima wote wa Uingereza bara haki ya kupiga kura katika chaguzi za serikali za mitaa. Bunge la jimbo, lililokuwa Stormont nje kidogo ya Belfast, lilikataa kufuata. Kwa sheria yake ya mwaka 1946, kura ya mitaa ilibaki kuwa ya mwenye nyumba au mpangaji wa nyumba nzima, pamoja na mwenzi wake. Mtu mzima aliyeishi kwa wazazi hakuwa na kura. Aliyekodi chumba ndani ya nyumba ya mwingine hakuwa nayo pia. Kampuni, kinyume chake, ziliweza kuteua wapiga kura wa ziada hadi sita, kulingana na thamani ya majengo yao.

Matokeo yake yalikuwa mepesi kukokotoa. Halmashauri iliyompa mtu na mkewe nyumba iliwapa pia kura mbili. Diwani aliyekaa na orodha ya waombaji mezani hakuwa akigawa paa peke yake. Alikuwa akigawa wapiga kura wa uchaguzi ujao. Na kwa kuwa karibu Wakatoliki wote walikiunga mkono chama chochote isipokuwa kile cha Muungano na Uingereza, ilhali Waprotestanti wengi walikiunga mkono chama hicho, jina la ukoo au la shule katika fomu ya maombi lilitosha kumweleza diwani kura hizo mbili zingeelekea wapi.

Mji wa Derry ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Tume ya Cameron, iliyoteuliwa kuchunguza machafuko ya 1968, ilitoa hesabu za mwaka 1967. Wapiga kura Wakatoliki walikuwa 14,429 na wengine 8,781. Hata hivyo, baraza lilikuwa na madiwani 12 wa chama cha Muungano dhidi ya 8. Siri ilikuwa katika mipaka ya kata. Kata ya Kusini ilikuwa na Wakatoliki 10,047 na wengine 1,138, nayo ilitoa madiwani 8. Kata ya Kaskazini, yenye Wakatoliki 2,530 na wengine 3,946, ilitoa madiwani 8 vilevile. Waterside, yenye 1,852 na 3,697, ilitoa 4. Katika mpangilio wa namna hiyo, familia ya Kikatoliki ingeweza kujengewa nyumba katika Kata ya Kusini bila kumdhuru yeyote. Ikijengewa Kaskazini, hesabu ingeanza kuyumba. Ndiyo maana ardhi ya Kusini ilipokwisha, ujenzi nao ulikwama.

Ikumbukwe kwamba upendeleo haukuenea sawasawa jimbo zima. Halmashauri zenye wingi usiotikisika hazikuwa na sababu kubwa ya kuogopa nyumba moja ya ziada. Maeneo ambayo Tume iliyataja, yaani Derry, Dungannon, Armagh, Omagh na Fermanagh, ni yale ambako idadi zilikaribiana au zilikuwa zimegeuzwa kwa mipaka. Aidha, Newry, iliyotawaliwa na Wakatoliki, iliwapa Wakatoliki karibu nyumba zake zote. Kwa maoni yangu, maelezo ya chuki ya kidini peke yake hayatoshi. Palikuwa na utaratibu uliomlipa diwani kwa kutenda dhuluma, na madiwani wengi hawakuukataa malipo hayo.

Chombo kisichochaguliwa

Uchunguzi wa miaka ya vita ulikadiria kwamba jimbo lilihitaji nyumba mpya 100,000 kwa haraka. Mwaka 1945 Stormont iliunda Amana ya Nyumba ya Ireland ya Kaskazini ijenge sambamba na halmashauri. Wajumbe wake waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Kwa ujumla iliaminika kuwa haikubagua kwa dini, ingawa ilipendelea wapangaji walioonekana wataweza kulipa kodi bila kukosa, na hivyo maskini zaidi wakabaki mikononi mwa halmashauri. Aliyetaka kulinganisha angeona mapema kwamba chombo kisichowajibika kwa mpiga kura kilikuwa kikigawa kwa haki kuliko kile kilichowajibika kwake.

Wasio na nyumba hawakungoja ulinganisho huo. Mwaka 1946 familia za Derry ziliingia katika mabanda ya kambi ya Springtown, yaliyoachwa na wanamaji wa Marekani, na baadhi ziliishi humo hadi miaka ya 1960. Huko Dungannon, mwaka 1963, akina mama vijana waliandamana kudai nyumba, na familia zikavamia nyumba za muda zilizokuwa zikingoja kubomolewa. Kutokana na vuguvugu hilo, daktari Conn McCluskey na mkewe Patricia walianzisha mwaka 1964 Kampeni ya Haki ya Jamii, iliyokusanya takwimu za ugawaji halmashauri baada ya halmashauri.

Tarehe 20 Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, mbunge Austin Currie aliingia na wenzake katika nyumba ya halmashauri na kukataa kutoka. Nyumba hiyo ilikuwa imepewa msichana Mprotestanti wa miaka 19, asiye na mume, aliyeajiriwa na wakili wa chama cha Muungano. Wiki hiyohiyo familia ya Kikatoliki yenye watoto wadogo ilikuwa imetolewa kwa nguvu katika nyumba ya jirani. Agosti yakafuata maandamano ya Coalisland hadi Dungannon. Oktoba yale ya Derry, ambayo polisi waliyapiga virungu mbele ya kamera.

Mageuzi na gharama yake

Novemba 1968 Waziri Mkuu Terence O'Neill alitangaza kwamba nyumba zitagawiwa kwa alama za uhitaji, na kwamba baraza la Derry litapisha tume ya kuteuliwa. Kura kwa kila mtu mzima ilikubaliwa mwaka uliofuata. Kisha, kwa msukumo wa London, ukaja uamuzi mkubwa zaidi: sheria ya 1971 iliunda Mamlaka moja ya Nyumba, ikachukua kazi ya vyombo 65. Mwaka 1973 elimu, maktaba, afya na ustawi wa jamii zilipelekwa kwenye bodi za kanda, na mipango ya ardhi ikaenda wizarani.

Tarehe 30 Mei 1973 wananchi walipiga kura ya kwanza ya mitaa iliyomhusisha kila mtu mzima. Walichagua halmashauri 26 ambazo kazi zake kuu zilikuwa kuzoa taka, kutunza makaburi na kuendesha viwanja vya michezo. Kuhusu nyumba, zilibaki na haki ya kushauriwa.

Mamlaka ilipata urithi mgumu. Uchunguzi wake wa 1974 ulikuta karibu nyumba moja katika kila tano haifai kukaliwa na binadamu. Maelfu ya wapangaji walikuwa wamegoma kulipa kodi tangu Agosti 1971 kupinga kufungwa kwa watu bila kesi. Alama za uhitaji zilihesabiwa kwa haki, lakini hofu haikuwa na alama: familia zilizokimbia mitaa iliyochanganyika ziliomba nyumba miongoni mwa watu wao, nazo zikapewa. Afisa aliyezipeleka huko alizuia mauaji, na papo hapo akaiimarisha mipaka ambayo mageuzi yalikusudia kuilegeza. Sioni namna ambavyo angeamua vingine.

Mwaka 2015 halmashauri zilipunguzwa kutoka 26 hadi 11, zikarudishiwa mamlaka ya mipango ya ardhi. Ugawaji wa nyumba haukurudishwa.