Springi za kushusha gari

Springi za kushusha gari ni springi zinazofungwa mahali pa zile za kiwandani ili bodi ya gari ikae karibu zaidi na barabara. Hutumiwa hasa kwenye magari ya mwendo kasi kama Subaru Impreza WRX, BMW M3 na Volkswagen Golf GTI. Lengo ni kushusha kitovu cha uzito, ili kwenye kona uzito usihamie mno magurudumu ya upande wa nje. Kati ya watengenezaji wanaojulikana ni Eibach na H&R, zote za Ujerumani.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza gari litashuka kiasi gani. Swali hilo lilipaswa kuwa la pili; la kwanza ni ugumu wa springi.

Ugumu

Ugumu ni nguvu inayotakiwa kuibana springi kwa milimita moja, nao huandikwa kwa newtoni kwa milimita. Tuseme gurudumu lina nafasi ya kupanda milimita 80 kabla ya kugonga raba ya kituo. Gari likishushwa milimita 30, zinabaki 50. Ili springi mpya ihimili nguvu ileile ya ziada ndani ya nafasi hiyo, ugumu wake uwe 80 ÷ 50, yaani mara 1.6 ya ule wa awali. Springi iliyo fupi tu bila kuwa ngumu vya kutosha hugonga raba mara kwa mara. Ikigonga katikati ya kona, mzigo juu ya tairi hubadilika ghafla, mshiko hupotea na gari huweza kuteleza.

Ugumu hauonekani kwa macho. Waya wa springi ukiongezeka unene kwa asilimia 10 tu, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 46, hata kama mizunguko ni ileile. Kwa hiyo takwimu za mtengenezaji zisomwe kabla ya kulipa, na rangi isimdanganye mtu.

Springi nyingine zina mizunguko iliyokaribiana upande mmoja. Hiyo hugusana mapema, na springi huzidi kuwa ngumu kadiri inavyobanwa; hufaa gari la kila siku. Kwa mbio hupendwa zaidi zenye ugumu usiobadilika, kwa kuwa tabia yake hutabirika.

Shokapu na mkao wa magurudumu

Springi hubeba uzito, shokapu hutuliza mdundo. Springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka huliacha gari likidunda, na tairi huachana na lami kwa vipindi vifupi. Gari likishushwa sana huhitaji shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo.

Magari yenye mfumo wa MacPherson, kama Impreza za mwanzo za mwaka 1992, yana mpaka mwingine. Gari likishuka hadi ncha ya nje ya mkono wa chini ikawa juu kuliko ya ndani, kitovu ambacho bodi huegemea kukizunguka hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Gari lililoshushwa mno linaweza basi kuegemea zaidi kwenye kona, kinyume cha matarajio ya mwenyewe. Kwa gari la barabarani milimita 15 hadi 30 kwa kawaida hutosha. Baada ya kufunga, alaimenti na taa za mbele hurekebishwa upya.

Kukata springi

Baadhi ya mafundi hukata springi za kiwandani. Springi yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja, ugumu hupanda mara 1.2 tu, wakati gari hushuka sana. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye sahani yake, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuchomoka. Kuipasha moto ni kubaya zaidi, kwani chuma hupoteza uimara wake.

Sheria

Ujerumani springi hizi huhitaji hati ya kuthibitisha kuwa zinafaa gari husika. Japani sehemu ya chini ya gari haipaswi kuwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini. Penye matuta mengi, kama katika miji ya Afrika Mashariki, kipimo hicho ni kidogo mno, na kipimwe gari likiwa na abiria wote na tangi limejaa.