Mng'ao utokanao na mkusanyiko

nm [u-/i-], kemia. Hali ya molekuli za baadhi ya rangi za kikaboni kutoa mwanga mkali zinapokusanyika, ilhali zikiwa zimeyeyuka na kutawanyika katika kioevu hutoa mwanga hafifu au hazitoi kabisa.

Dhana hii ilipewa jina mwaka 2001 na Ben Zhong Tang na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong. Hadi hapo wanakemia walizoea kinyume chake. Rangi nyingi hufifia molekuli zake zinaposongamana, jambo ambalo Mjerumani Theodor Förster alilieleza mwaka 1954 alipochunguza pirini. Kampaundi ya siloli iliyochunguzwa Hong Kong ilikwenda kinyume: doa lake bichi halikutoa mwanga chini ya taa ya urujuanimno, lakini lilipokauka liling'aa.

Molekuli za aina hii zina pete za kaboni zinazozunguka mithili ya mapanga ya feni. Zikiwa huru katika kioevu, nishati hupotea kwa mzunguko huo. Zikibanana, pete hukwama na nishati hutoka ikiwa mwanga. Ndiyo maana rangi hizi hufaa katika taa na vioo vya maonyesho, ambamo hupakwa kama utando mkavu, na katika vitambuzi: rangi hukaa gizani mpaka ikutane na kitu kinachoikusanya au kuikwamisha.

Matumizi. Neno mwako halifai, kwani humpeleka msomaji kwenye moto. Mng'ao nalo lina dosari yake: sufuria iliyosuguliwa ina mng'ao, ingawa huakisi tu mwanga wa nje. Penye hatari ya utata huo, utoaji mwanga ni bora, japo ni refu.

Kosa kubwa zaidi ni kufupisha istilahi nzima kuwa athari ya mkusanyiko. Mkusanyiko huwasha rangi hizi na huzima zile za Förster. Msomaji wa maabara atajuaje ni athari ipi inayotajwa? Mng'ao wa mkusanyiko unavumilika katika kichwa cha habari, lakini katika maelezo utokanao na usiachwe, kwa kuwa ndio unaobeba sababu.

Mf. Rangi hii haing'ai katika ethanoli. Maji mengi yakiongezwa, molekuli zake hukusanyika na mng'ao hutokea.

Kinyume: ufifiaji utokanao na mkusanyiko.