Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyerudi Nyumbani Kusema Ugonjwa Wake

(Muziki wa Philly Lutaaya unasikika, kisha unashushwa chini ya sauti ya msimulizi.)

Leo tunavuka mpaka kuingia Uganda, na tunarudi nyuma hadi Aprili 1989. Mwezi huo, mjini Kampala, mwanamuziki aliyependwa na vijana kwa wazee alijitokeza hadharani akasema: mimi nina UKIMWI. Jina lake Philly Bongoley Lutaaya, na alikuwa na umri wa miaka 37. Hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyekuwa amethubutu kusema hivyo kabla yake.

Lutaaya alizaliwa Mengo, Kampala, mwaka 1951. Aliacha shule akiwa kijana ili afuate muziki, jambo ambalo mzazi gani angelifurahia? Katika miaka ile ya Idi Amin na vita vilivyofuata, wanamuziki wengi wa Uganda walitafuta riziki nje. Yeye naye alizunguka nchi jirani, Kenya ikiwemo, na katika miaka ya 1980 akafika Sweden, akaweka makazi Stockholm. Huko, pamoja na Waganda wenzake, alirekodi nyimbo za Krismasi mwaka 1986, kisha albamu ya Born in Africa mwaka 1987. Uganda ilikuwa imetoka tu vitani. Kaseti zile zilipofika Kampala zilipigwa kila mahali, na mtu aliyekuwa mbali akawa karibu kuliko waliobaki.

Ili uelewe uzito wa alichokisema, msikilizaji, kumbuka hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza waligunduliwa mwaka 1982 pale Kasensero, kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Waganda waliuita ugonjwa huo Slim, kwa jinsi mtu alivyokonda. Wapo waliosema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa na walanguzi wa upande wa pili. Na Kagera je? Kule waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa katika biashara ile ile ya magendo. Yaani kila upande uliona maradhi yametoka kwa jirani. Mambo haya bado tunayasikia kila kunapozuka ugonjwa mpya.

Serikali ya Rais Museveni haikunyamaza. Redio ilipiga ngoma ya hatari, kisha likafuata tangazo la UKIMWI. Watu wakaambiwa watulie na mwenza mmoja, kwa mfano wa ng'ombe anayelishwa nyumbani badala ya kutangatanga malishoni. Ujumbe ulisikika. Lakini ngoma inamtisha mtu, haimwonyeshi mgonjwa. Kila mmoja alijua kuna ugonjwa, na kila mmoja aliamini ni wa mtu mwingine. Waliougua walifichwa vyumba vya ndani, na msibani ikasemwa ni malaria, au amerogwa.

Lutaaya aliujua ugonjwa wake akiwa Sweden. Angeweza kubaki huko, katika hospitali nzuri kuliko za nyumbani, akafa kimya kimya. Akarudi.

Na watu hawakumwamini! Hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo. Leo tunamsimulia kama shujaa, lakini mwaka 1989 wengi walimwona mwongo. Walimtazama wakaona mtu aliyesimama wima, anayeimba, anayecheka. Mgonjwa wa Slim waliyemjua wao alikuwa mifupa mitupu kitandani. Wakasema anatafuta kuuza kaseti. Wengine wakasema amelipwa ili aitishe nchi. Kwa maoni yangu, dharau hiyo huenda ilimuuma kuliko maradhi yenyewe, maana aliitoa siri yake bure, ikarudishwa usoni kwake.

Hata hivyo aliendelea. Alikwenda mashuleni, vyuoni na makanisani. Aliwaeleza wanafunzi kwamba mtu aweza kuonekana mzima huku ana virusi. Wapiga picha wa filamu ya maandishi walifuatana naye, na filamu hiyo ikaja kuonyeshwa nje ya Afrika. Mwaka huo huo alirekodi wimbo wa Alone and Frightened, unaozungumzia upweke na hofu ya mgonjwa na kuwaomba watu wajitokeze. Miezi ikapita, mwili ukapungua mbele ya macho ya wale wale waliombeza. Hapo wakaamini. Tarehe 15 Desemba 1989 alifariki Kampala, akiwa na miaka 38.

Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Afrika ilikuwa imempoteza Franco Luambo wa Zaire, aliyefariki Ubelgiji. Franco naye alikuwa ametoa wimbo wa kuonya juu ya UKIMWI, mwaka 1987. Kuhusu ugonjwa wa Franco mwenyewe watu walinong'ona tu, na wanabishana hadi leo. Rais Kaunda wa Zambia naye alikuwa ametangaza mwaka 1987 kwamba mwanawe alikufa kwa UKIMWI, na huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini Kaunda alimsemea marehemu. Lutaaya alijisemea mwenyewe, akiwa hai, akijua kesho atakutana na watu sokoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wazima wapatao 15 katika kila 100 nchini Uganda walikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye walikuwa kama 6. Si haki kumpa mwimbaji mmoja sifa yote: wengi walikwisha kufa, na kazi kubwa ilifanywa na makundi kama TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, baada ya Noerine kumpoteza mumewe. Walihudumia wagonjwa kabla Lutaaya hajasema neno. Ila waliofuata nyayo zake, watu waliosimama mbele ya madarasa wakasema nami ninaishi na virusi, walifungua njia aliyoipita kwanza akiwa peke yake.

Yeye hakupata dawa tulizo nazo leo. Sasa anayetumia dawa za kufubaza virusi kila siku, kama anavyoelekezwa, huishi miaka mingi, hulea watoto na kufanya kazi. Kama hujui hali yako, kituo cha afya kilicho karibu nawe kitakupima, na majibu ni siri yako.

Na ukifika Kampala mwezi Desemba, utamsikia. Nyimbo zake za Krismasi bado hupigwa madukani na kwenye teksi, mwezi ule ule aliofariki, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada yake wanaziimba neno kwa neno.

(Muziki unapanda hadi mwisho.)